Mbele za Matope, Nyuma za Lami

"Umemuua mdogo wangu!"

Nilimkaba Kipara koo palepale kwenye korido ya hospitali. Mgongo wake ukagonga ukuta. Nesi akapiga ukelele. Ndoo ya mdada anayepiga deki ikapinduka, maji yakatulowesha viatu.

"Sema! Nani alikutuma uweke tairi za matope mbele? SEMA!"

Kipara ni pande la mtu. Angetaka angenirusha hadi getini. Hakuinua hata mkono.

"Nipige tu, mzee," alisema. "Mimi sina la kusema."

Sina la kusema! Mdogo wangu yuko mle ndani anapumua kwa mashine, na fundi wake hana la kusema!

Ndugu zangu, shikeni viti. Niwarudishe nyuma kidogo.

Mdogo wangu walimwita Mshale. Tumezaliwa wawili tu. Mimi mkubwa ndiye mtu wa barabara, leo kuli bandarini, kesho mgodini, mwezi ujao naendesha lori la watu nisiowajua. Yeye alitulia, akaoa, akafungua gereji. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu... dragi. Magari mawili, barabara moja iliyonyooka, taa ya kijani ikiwaka, mguu chini!

Pikapu yake ilikuwa fowili, ile ambayo ukipenda inavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, ukipenda inavuta kwa yote manne. Mimi ninayo kama hiyohiyo. Mapacha kabisa, ila yangu imechoka kama mwenyewe.

Nilikuwa nimekuja kuwaaga. Siku moja kabla ya mashindano, Mshale akalizunguka gari langu, akalipiga teke tairi la nyuma.

"Kaka, tairi zako za nyuma zina upara kuliko Kipara mwenyewe."

Kipara, fundi tairi wake na rafiki yake tangu wanavaa kaptura, alikuwa amechuchumaa kwenye jeki.

"Mimi angalau nina nyusi!" akajibu.

Tukacheka.

"Zitanifikisha," nikasema.

"Safari ile ulisema hivyohivyo, ukarudi na bandeji usoni."

"Si nilirudi?"

Hapo Mshale hakucheka.

"Unaondoka lini?"

"Nikishakuona umeshinda."

"Haya. Iache uani, nitaifunika turubai. Vumbi la hapa halina adabu."

Nikampa funguo. Nikaenda zangu kulala.

Kesho yake mchana nikaenda uwanjani na shemeji, mke wa Mshale, kwa gari la jirani. Mshale alishatangulia. Watu walijaa mpaka juu ya kuta. Tukapata nafasi kwenye uzio, mbali na mstari wa kuanzia. Kutoka pale pikapu yake ilikuwa kama kiberiti.

Mbio ya kwanza akashindwa. Ya pili akashinda kwa pua. Iliyobaki ndiyo ya kukata mzizi wa fitina.

Akaja kwenye uzio kunywa maji. Kipara alikuwa nyuma yake na spana mkononi.

"Mbona leo unajikokota?" nikamuuliza.

"Navuta kwa nyuma tu, kaka."

"Na fowili umeinunua ya kupigia picha? Weka yote manne!"

"Leo hapana."

"Unaogopa nini? Watu wameacha kazi zao kuja kukuangalia wewe!"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mmoja akapiga mluzi.

Kipara akafungua mdomo. Mshale akamtazama. Kipara akaufunga.

"Kaka, kweli niweke?"

"Weka, mwanaume!"

Akatabasamu. Tabasamu lile bado ninalo hapa.

"Ukisema wewe, naweka."

Taa. Kijani!

Pikapu iliruka kama imechomwa sindano. Akamwacha mwenzake! Shemeji akanirukia shingoni, tunapiga kelele kama watoto...

Kisha nikasikia mlio. Chuma kinasaga chuma, chini ya sakafu ya gari. Pua ikavuta kushoto. Mshale akarudisha usukani kulia. Gari likakataa. Likapanda ukingo, likabiringika.

Sijui nilivukaje ule uzio.

Lilikuwa limelala chali, magurudumu yameangalia mbinguni. Hapo ndipo nikaziona. Nyuma tairi za lami, mpya, laini. Mbele tairi za matope, nene, zenye meno.

Nimeshika magari ya kutosha kujua maana yake. Kwenye fowili tairi zote lazima ziwe aina moja, kimo kimoja. La sivyo, ukiunganisha mbele na nyuma, kila upande unazunguka kwa mwendo wake, shafti zinavutana mpaka kitu kipasuke.

Ndiyo maana nilimkaba Kipara.

Jioni ileile daktari alitoka, akavua barakoa. Alisema wameshindwa. Shemeji alikaa chini sakafuni, palepale penye maji ya deki.

Tulizika.

Na mimi sikunyamaza. Kila aliyekuja kutoa pole nilimwambia, fundi kaniulia ndugu. Maneno yana miguu. Watu wakaanza kupita mbele ya banda la Kipara wakisukuma matairi yao kwa fundi mwingine. Yeye alisaidia kubeba jeneza, akasimama nyuma ya wote, hakujitetea hata kwa neno moja.

Msiba ulipokwisha nikafunga begi. Mimi nikiumia huwa naondoka.

Nikaenda uani, nikavuta turubai...



Magurudumu ya nyuma ya gari langu yalikuwa yamefungwa tairi mbili za lami. Mpya. Bado zina vile vinywele vya mpira. Ni zilezile! Pacha wa zile zilizokuwa nyuma ya gari la Mshale.

Nilifika kwa Kipara mbio.

"Zile tairi zilikuwa nne," alisema, macho ameyainamisha. "Alizitafuta mji mzima kwa ajili ya mbio. Halafu akaona zako. Akasema, kaka hatasubiri nyingine zije, namjua. Mfungie mbili."

"Ukakubali?!"

"Nilimwambia aache mashindano. Akasema ametoa ahadi. Mbele tukaweka za matope, ndizo pekee nilizokuwa nazo. Akaniapia haigusi fowili, atavuta kwa nyuma tu. Na mimi akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utazikataa."

"Na pale hospitali, nimekukaba... kwa nini ulinyamaza?"

Kipara akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mzee, mimi nilikuwepo pale kwenye uzio. Nilisikia ulichomwambia. Ningekuambia hayo, ungeishije?"

Yule niliyemwita muuaji ndiye aliyekuwa amenibebea mzigo wangu. Nililia kwenye bega lake hadi mteja aliyekuja na pancha akageuza baiskeli.

Nikapita nyumba kwa nyumba kufuta niliyoyasema. Wengine wameelewa. Wengine bado wanasukuma matairi yao kwa mwingine.

Shemeji aliniuliza juzi, anachambua mchele.

"Shemeji, unaondoka lini?"

"Tairi ziko tayari. Ila mimi siko tayari."

"Basi kaa."

Nimekaa. Asubuhi nafungua gereji ya Mshale, mchana Kipara ananiletea chai.

Wewe mwenye fowili, usichanganye tairi, hata kwa mbio ya kufumba na kufumbua. Na ukimtolea ndugu yako kitu unachokihitaji wewe, mwambie usoni. Mwache akatae, mgombane, mnuniane. Mshale angeniambia, ningezing'oa kwa mikono yangu.

Gari bado liko uani, chini ya turubai. Kila Jumamosi nalifunua, nazijaza upepo zile mbili za nyuma, nalifunika tena.