Baba, Onja Kidogo

Ndugu zangu, nyumba ya jirani yangu fundi cherehani ilikuwa imetulia. Tangu aache pombe, mkewe alianza tena kuimba jikoni, na sisi wateja tukawa tunapata nguo zetu siku tuliyoahidiwa, jambo ambalo kwa mafundi ni muujiza.

Binti yao anasomea uhandisi. Kazi yake ya kumalizia chuo ilikuwa mashine ya kuchanganya vinywaji: unaweka glasi, unabonyeza kitufe, pampu zinavuta kutoka kwenye chupa na kukupimia. Angeweza kuijaribu kwa sharubati, lakini alitaka pombe ya kweli. Akaipanga na chupa zake kwenye meza ya cherehani, eti ndiyo pana. Baba akaishonea kifuniko kizuri, kwa mapenzi tu.

Tatizo, binti hanywi. Ladha angeijuaje?

"Baba, onja kidogo. Wewe ndiye unayejua."

"Mwanangu, mimi nimeacha."

"Ni kazi ya chuo, baba. Unaonja, unatema."

Mwanzoni alitema kweli. Baadaye akawa anameza, na jikoni kukawa kimya.

"Ondoa hicho kitu, mwanangu," mama alimsihi.

"Mama, subiri maonyesho ya chuo yapite."

Siku ya maonyesho majirani tulialikwa chuoni. Fundi alikuja na suti aliyojishonea. Walimu wakiuliza maswali, yeye anaweka glasi, anabonyeza, anakunywa, anaweka tena. Mashine haikukosea hata tone.

"Mimi ndiye mwonjaji mkuu!" akapaza sauti, akiyumba. Watu wakacheka, wengine wakatoa simu.

"Mzee huyu ni nani?" mwalimu akauliza.

Binti akatazama sakafu. "Simjui."

Baba alisikia. Akaweka glasi chini taratibu, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Binti alichomoa waya wa mashine, akalia, "Ni baba yangu! Mimi ndiye niliyempa!" Lakini baba alikuwa ameshafika barabarani. Mimi nami nilikuwa nimecheka, na hadi leo naona aibu.

Mashine ilipata alama za juu. Fundi amerudia chupa. Suruali yangu iko kwake, imeshonwa mguu mmoja, nami naona haya kuiulizia.

FUNZO

Aliyeacha pombe tusimfanye chombo cha majaribio, hata kwa jambo la maendeleo. Akisema ameacha, tuishie hapo hapo. Na mtu tukimwangusha kwa mikono yetu, tusimkane mbele za watu.