Aliyegonga Chini ya Padi

Noela hakwenda kutafuta balaa. Alikwenda kuchukua padi ya kutelezeshea mausi ya kompyuta, basi.

Jua lilikuwa linazama alipozima pikipiki mbele ya nyumba ya Mama Makoye, kwenye kijiji cha pembeni ya Masumbwe. Kuku walikuwa wanapanda kulala. Kutoka upande wa machimbo ilisikika mashine moja ya kusaga mawe, nayo ikanyamaza.

Noela ana chumba cha gemu pale Masumbwe mjini, nyuma ya maduka ya vifaa vya wachimbaji. Jumamosi timu yake ilikuwa inakutana na vijana wa Ushirombo kwenye mchezo wa kulenga risasi, na mlengaji wao alikuwa yeye mwenyewe. Wiki nzima alihangaika na padi. Ya plastiki ngumu ilikuwa na kasi, lakini haikuwa na breki. Unataka kusimama kwenye kichwa cha adui, unajikuta umefika kwa mwenzake. Ya kitambaa, aliyoiagiza Kahama, ilishika vizuri asubuhi. Ikifika jioni imeshakunywa jasho na vumbi jekundu, na mausi inakwenda kama inaburutwa kwenye uji. Ile iliyokuja na kompyuta ilishajikunja pembe zote.

Ndipo Ignas, mwenzake wa timu, akamkumbusha padi ya Makoye.

Hakuna aliyelenga kama Makoye. Mchana alichimba dhahabu, jioni alikuja kucheza akiwa na padi yake mwenyewe kwenye begi, na hakumwachia mtu aiguse. Masika yaliyopita duara, lile shimo la dhahabu walilokuwa wanachimba, lilititia, yeye na wenzake wakiwa chini. Watu walifukua wakafukua, mpaka maji yakawashinda. Haukutoka hata mwili mmoja. Matanga yakakaliwa bila kaburi.

Mama Makoye alimpokea mlangoni. Noela akamwamkia, shikamoo mayu, kama wanavyoitwa akina mama huko, akajibiwa marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mikono ya mama ilikuwa imeviringishwa kwenye kanga, ingawa hapakuwa na baridi. Noela alipoeleza shida yake alidhani atakataliwa. Badala yake mama aliingia ndani haraka, akarudi na foronya iliyokunjwa. Malipo hakuyataka. Alichotaka ni kwamba padi itumike jioni, giza linapoingia, na isikose hata siku moja.

Kisha akasogea karibu, akanong'ona.

"Ikipata joto, usiogope."

Noela alimwonea huruma. Uchungu wa mtoto, aliwaza, humfanya mtu aseme chochote.

Jioni iliyofuata alifunga mlango wa chumba cha gemu, wakabaki yeye na Ignas. Alizijaribu tena padi zote, moja baada ya nyingine, kwa mchezo uleule na shabaha zilezile. Plastiki ikampitiliza. Kitambaa kikamchelewesha. Mwisho akaitandaza ya Makoye.

Ilikuwa nyeusi, laini kama sikio la mbuzi, imeshonwa ukingo kwa mkono. Akaweka mausi juu yake, akavuta.

Akavuta tena.

Mausi iliondoka bila kusukumwa, ikasimama palepale jicho lilipotua. Shabaha ikitokea, imeshaanguka. Kushoto, kulia, juu, hakuna iliyomponyoka. Ignas alisogeza kiti, akasahau hata simu iliyokuwa inaita mfukoni mwake. Noela alijikuta anacheka peke yake. Mkono ulikuwa mwepesi, kana kwamba kuna mtu anaushika kifundoni na kuuelekeza.

Halafu padi ikaanza kupata joto.

Mwanzoni lilikuwa joto la kawaida, kama la kiti alichotoka kukalia mtu. Likapanda mpaka kwenye kiwiko. Na pamoja nalo ikaja harufu... ya udongo mbichi, ya baruti, ya maji yaliyolala muda mrefu bila kuona jua.

Ngo... ngo... ngo...

Ignas akainama chini ya meza. Sakafu ya saruji, nyaya, vumbi. Akanyanyuka, amebadilika sura. Alikuwa mchimbaji, na sauti ile aliijua.

"Hiyo ni nyundo," alisema taratibu. "Nyundo na moko, ile patasi ya chuma. Mtu anapasua mwamba."

Ngo... ngo...

Noela alitaka kuacha. Alijiambia aache. Lakini vidole viliendelea, shabaha zikaendelea kuanguka, na kila moja ilipoanguka nyundo ile nayo ilipungua, ikawa mbali, mpaka ikanyamaza kabisa. Hapo ndipo mkono ulipokubali kunyanyuka.

Kiganja chote kilikuwa malengelenge. Mengine yalikuwa yameshapasuka. Chini ya kucha zote za mkono ule mlikuwa na tope jeusi, linanuka. Mkono wa kushoto ulikuwa safi kama alivyoingia nao.

Ignas alichukua tope kidogo kwa ncha ya kalamu, akalitazama kwenye mwanga wa kioo cha kompyuta. Alimwambia Noela kwamba udongo wa namna ile haupo huku juu. Akamwomba airudishe ile padi alikoitoa, na airudishe sasa hivi, kabla giza halijakolea.

Noela aliendesha pikipiki kwa mkono mmoja na nusu.

Mama Makoye alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kibatari pembeni, kama mtu aliyekuwa anamngoja. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Leo amepumzika," alisema. "Nimesikia. Umempumzisha."

Akamweleza yote, bila haraka. Kwamba tangu duara lititie, padi ile iliyoachwa kitandani hupata joto kila jioni, na chini yake hugongwa. Siku moja alipoweka kiganja chake juu yake, nyundo ikanyamaza, na mkono wake ukaanza kuuma kama umeshika nyundo. Akaelewa kuwa akishika yeye, mwanawe huachia. Mganga mmoja alimwambia Makoye hakufa, kachukuliwa msukule, anachimbishwa dhahabu ya watu. Padre alimwambia kafa, amwombee. Yeye hakujua amwamini nani. Alijua tu kwamba mwanawe akigonga, anamsikia.

Kisha akaifungua ile kanga.

Noela aligeuza uso. Ile haikuwa tena mikono ya kushikia kitu.

"Mimi yangu imeisha, ng'wanone," mama alisema, kwa ile lugha ya nyumbani ya kumwita mtu mwanangu. "Mpe kidogo tu. Anywe maji."

Na pale chini, kutoka kwenye foronya aliyoirudisha Noela, ikaanza tena. Ngo... ngo... Pole pole. Nyundo ya mtu aliyechoka.

Noela angeweza kuondoka. Pikipiki ilikuwa hapo hapo. Lakini yule alikuwa mama, na sauti ile ilikuwa ya mtu aliyewahi kucheka naye, bega kwa bega, mbele ya kompyuta moja. Mama akainuka, padi ikatandazwa juu ya kigoda. Noela akafumba macho, akaweka kiganja.

Nyundo ikanyamaza.

Kimya. Hata chenene walinyamaza.

Halafu kikapanda kitu kutoka chini ya kitambaa. Kiganja. Kilijipanga na chake, kidole kwa kidole, kimelowa, baridi kuliko maji ya kisima.

"Amenishika," alinong'ona.

Mama akainama, akiwa na tabasamu. "Anakushikaje?"

Vidole vile vilikuwa vinamkaza taratibu, vinaachia, vinakaza tena, kama mtu anayepima kamba kuona kama itabeba uzito wake.

"Mayu... ananivuta."

Tabasamu la mama likafa.

"Makoye havuti," alisema.

Mkono ukazama. Kigoda kilikuwa mbao tupu, lakini mkono ulizama mpaka kifundoni, ukaendelea, na huko chini Noela akahisi vidole vingine vikija, na vingine, vinapapasa, vinagombania. Alipiga ukelele. Mama akamkumbatia kiunoni kwa mikono ile iliyokwisha, akajitupa naye nyuma, wakaanguka wote mavumbini.

Ngozi ya kiganja ilibaki huko.

Noela alikiona kibatari, akakichukua ili aichome ile padi. Mama alikuwa ameshailalia kwa kifua chake, anatikisa kichwa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba wake naye yumo humo.

Jumamosi walishindwa na Ushirombo. Noela alikuwa amelazwa, mkono umefungwa bandeji, na alipoulizwa na daktari alisema ameungua. Kidonda kilipona vibaya. Mpaka leo mausi anaishika kwa mkono wa kushoto, juu ya meza tupu, bila padi yoyote.

Miezi ikapita. Juzi Ignas alipita kile kijiji jioni akitoka machimboni. Alipofika chumba cha gemu alimweleza Noela alichokiona. Mama Makoye hakai tena peke yake. Wamekuja mama na wake wa wale wengine waliobaki kwenye duara. Wanazunguka kigoda kile, wamekaa chini, mikono yao imebanana juu ya padi, hakuna anayezungumza. Nyuso zao zimetulia. Kila mmoja ameshamtambua wa kwake kwa mshiko.

Noela alimuuliza kama wale wanawake walimwona.

Ignas akaitikia kwa kichwa. Mama Makoye alikuwa amemwita, akampa salamu amfikishie Noela.

"Anasema kuna mmoja hana mtu," Ignas alisema, akitazama chini. "Hapumziki. Hakuna hata mmoja wao anayemjua. Anasema huyo aliyekushika wewe... wanaomba urudi, maana usiku kucha analitaja jina lako."