Masanamu ya Mzee Hamoudi

Ijumaa, kabla ya adhana

Chumba cha nyuma kwa Tatu, muuza tembo. Abdullatif alichora ramani ya nyumba kwa kidole, juu ya vumbi la meza. Ndiye mkubwa wao, akisema, limekwisha.

"Mlango wa ua huu. Sanduku liko chumba cha juu. Mzee Hamoudi atakuwa msikitini, na Bagamoyo nzima pamoja naye."

"Na sisi je?" aliuliza Mbaruku. Mabega mapana, akili ya kiasi.

"Makubadhi yetu yatakuwa mlangoni pa msikiti. Nani mji huu asiyeyajua makubadhi ya mwenzake? Watadhani tumo ndani. Imamu akitoa salamu, tunachanganyika na watu, tunavaa, kwisha."

"Mzee akienda kwa Liwali kushtaki?"

"Aseme ameibiwa nini?" Abdullatif akacheka. "Masanamu ya uchi? Yeye, mtu wa safu ya mbele?"

Bwanaheri hakucheka. Siri ile aliitoa yeye. Alikuwa yatima wa Mlingotini, Hamoudi akamlea, akamfunulia yeye peke yake lile sanduku: medali za kusubu, madini yaliyoyeyushwa yakamiminwa kwenye kalibu, pana kama kitanga cha mkono, zenye miungu ya kale ya Wayunani, zilizonunuliwa moja moja kwa mabaharia wa Ulaya. Akamfundisha kuitambua iliyotoka kwanza kwenye kalibu, yenye nyusi za kuhesabika, na nakala ya nakala, ambayo uso wake umelala. "Mwanangu," alimwita. Mpaka Bwanaheri alipomposa Salme, binti wa nyumba ile. Hapo mzee alitazama sakafu akasema, "Watu watasemaje?" Salme akaozwa Unguja.

Haya, asante ya punda ni mateke.

Khutuba

Waliingia uani miguu mitupu. Chumba cha juu, Abdullatif akaivunja kufuli ya sanduku kwa patasi, akafunua kitambaa. Vitu vyeusi kama vifuu vya nazi. Akakwangua kimoja kwa kisu.

"Hii nini?"

"Shaba," Bwanaheri alijibu.

"Ile uliyonionyesha iling'aa."

Ile Bwanaheri aliisugua kwa majivu na ukwaju utotoni, akidhani anamfurahisha mzee. Rangi yake ya kale ikatoka yote. Mzee alikaribia kulia, lakini hakumpiga.

"Ulijua si dhahabu?"

"Nilijua anazipenda."

Abdullatif alimkazia macho. "Umetufanya wajinga." Akatoka, Mbaruku nyuma yake.

Bwanaheri alibaki na sanduku lililovunjwa. Juu ya zote ilikuwa ile aliyoipenda mzee kupita kiasi: baba anamfunga mwanawe mbawa za nta. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akazitia zote kikapuni; azizike, azirudishe, hakujua. Alijua moja tu: makubadhi yake yakibaki peke yake pale mlangoni, yatamtaja.

Salamu

Alifika watu wanatoka. Abdullatif alikwisha vaa ya kwake, kanzu imenyooka. Akanyoosha kidole kwa utulivu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Mwizi huyo. Tazameni kikapu."

Walimkamata. Kikapu kikapinduliwa, medali zikabingirika ngazini: wanawake uchi, mtu mwenye kichwa cha ng'ombe.

"Masanamu," mtu alisema. "Mbele ya nyumba ya Mungu. Ya nani haya?"

"Apelekwe kwa Liwali. Mkono huo ukatwe."

Mzee Hamoudi alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunyamaza. Bwanaheri aliomba moyoni anyamaze. Mzee akashuka.

"Ni yangu," alisema. "Nimeyakusanya miaka mingi. Huyu mwanangu nilimtuma mimi ayalete, niyatupe. Mwachieni."

Wenzake wa safu ya mbele walivuta kanzu zao zisimguse. Imamu alitazama kando. Minong'ono ikaanza, na mzee aliisikia yote, maana hawakumficha. Abdullatif alikwenda zake bila haraka.

Hamoudi alipita kwenye viatu, akainama kwa taabu, akayaokota makubadhi ya Bwanaheri bila kubahatisha. Aliyanunua yeye, Idi iliyopita. Akayaweka mbele ya miguu ya kijana.

"Vaa, mwanangu. Mchanga una moto."

Bwanaheri alitazama miguu yake, ingali na chokaa ya chumba cha juu. Alishindwa kuuinua hata mmoja.