Mwenzake wa Chumba Namba Saba

Simu iliingia kituoni saa mbili na nusu asubuhi. Mama mwenye nyumba ya wageni, ile ya nyuma ya stendi, alisema ana maiti chumba namba saba. Amegonga mlango mpaka mkono ukamwuma, akafungua kwa ufunguo wa akiba, akamtikisa mgeni begani, na mgeni yuko kimya kama gogo.

Inspekta aliacha chai yake ikifuka mezani, akamwita Koplo, wakatoka. Ni mwendo wa dakika tano. Walipofika, maiti ilikuwa imeketi kitandani inakunywa maji.

"Nisamehe, afande," alisema mama mwenye nyumba, mikono kifuani. "Mimi nilipomwona alikuwa amekufa kabisa."

Kwa miaka ishirini na sita ya kazi, Inspekta hakuwahi kufurahi namna ile kuitwa bure. Furaha yenyewe ilidumu dakika mbili. Mgeni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliuliza kwa ulimi mzito ni saa ngapi. Alipoambiwa inakaribia saa tatu, aliinama akatazama chini ya kitanda, akapapasa chini ya godoro, kisha akakaa sakafuni akalia bila sauti.

Koplo, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, alikaa sakafuni naye. Taratibu habari ikatoka.

Mgeni alikuwa muuguzi mkunga. Mkataba wake katika zahanati ndogo ulikuwa umekwisha, na sasa hospitali kubwa ya mji huu ilikuwa imemwita kwenye usaili, saa nne asubuhi hiyo hiyo. Kwa kubana matumizi alipanda basi la bei ya chini, lile linalosimama kila penye kivuli. Kiti cha pembeni alikaa dada mmoja mchangamfu. Dada akampisha dirishani, akamgawia mkate, akamshikia mkoba aliposhuka kujisaidia. Kondakta akawauliza kama ni mapacha, maana walifanana kweli, mpaka mwanya wa meno. Walicheka, na tangu hapo wakaitana Pacha. Mpaka wanafika jioni walikuwa wameshakubaliana kuchukua chumba kimoja chenye vitanda viwili, wagawane gharama. Pacha akamimina chai kutoka kwenye chupa yake. Baada ya chai ile, Muuguzi hakukumbuka kitu.

"Kimepotea nini?" Inspekta aliuliza.

"Bahasha yangu. Vyeti vyote, barua ya kuitwa, kitambulisho."

"Simu?"

"Ninayo."

"Pochi?"

"Ipo. Haijaguswa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Afande, naomba msimtafute Pacha kama mwizi. Mtafuteni kama mtu aliyepotea. Huenda aliyeingia humu amemdhuru. Yule dada ni mtu mzuri."

Inspekta alikwenda mlangoni. Kitasa kizima, komeo la ndani zima, halina hata mkwaruzo. Dirisha lilikuwa na nondo ambazo katikati yake paka tu angepita. Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa, shuka limekunjwa pembeni kwa pembe kali, kama wodini. Akamwuliza mama mwenye nyumba alimkuta mgeni amelalaje.

"Ubavu, afande. Nyuma ya mgongo amewekewa blanketi lililoviringishwa, asigeuke."

"Hivyo ndivyo tunavyomlaza mgonjwa asiye na fahamu," Muuguzi alisema, na sauti yake ikapungua kabla hajamaliza.

Koplo, akiwa amevaa glavu, alikuwa ameshafika kwenye ndoo ya taka. Akatoa karatasi ya vidonge, viwili vimetolewa. Muuguzi aliitambua kwa mbali. Ilikuwa dawa ya mafua na mzio, ya aina inayoleta usingizi.

"Una mafua?"

"Hapana."

Inspekta akaomba simu yake. Kengele ya saa kumi na mbili ilikuwa imewekwa, kisha ikazimwa. Muuguzi alitazama ukutani kwenye msumari, mahali alipoitundika sare yake nyeupe aliyoinyoosha nyumbani ikiwa haina hata mkunjo mmoja. Msumari ulikuwa mtupu. Hapo hakuhitaji kuambiwa.

"Ulimweleza nini kuhusu usaili?"

"Kila kitu," alisema polepole. "Saa, jengo, hata mlango wa kuingilia."

"Hospitalini kuna anayekufahamu?"

"Hakuna. Na hilo pia nilimwambia. Nilimwambia naogopa, maana sijui mtu hata mmoja."

"Mwizi anayeacha simu na pochi hana shida na mali yako," Inspekta alisema. "Anataka jina lako. Vaa viatu."

Koplo alifunga kikombe cha ile chai na karatasi ya vidonge kwenye mifuko ya vielelezo, kwa ajili ya maabara. Kitabu cha wageni nacho kilichukuliwa. Humo lilikuwamo jina moja tu. Mama mwenye nyumba alieleza kwa aibu kwamba aliwaona wanafanana, akadhani ni ndugu, akaandika kitambulisho cha mmoja, yakaisha.

Saa nne na dakika kumi walikuwa kwenye korido ya hospitali. Waombaji wameketi kwenye benchi, magoti pamoja, bahasha mapajani. Karani wa mlangoni aliangalia orodha yake, akasoma jina la Muuguzi bila kuinua kichwa. "Huyo yuko ndani, afande. Ameingia sasa hivi."

Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Inspekta alichungulia, akatega sikio. Mwanamke wa sare nyeupe alikuwa ameketi wima mbele ya watu watano. Mmoja wao, Muuguzi Mkuu, alikuwa akimwuliza kuhusu mzazi aliyejifungua sasa hivi na anatokwa damu nyingi, na wewe uko zamu peke yako.

Mwanamke yule hakujibu kwa maneno ya kitabuni. Aliinua mikono yake. Alionyesha unavyoita msaada bila kuondoka kitandani, unavyolikanda tumbo la uzazi mpaka likaze, unavyohakikisha kibofu ni kitupu, na jinsi unavyoendelea kuzungumza na mama ili ujue bado yupo. Mmoja wa wale watano aliweka kalamu chini.

Inspekta alikuja kumwambia Koplo baadaye kwamba angeweza kuingia mapema. Alingoja yule mwanamke amalize.

Waliazima ofisi ya kumbukumbu, chumba chembamba chenye mafaili mpaka darini. Inspekta alimwonya kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Mwanamke alitikisa kichwa kukubali.

"Jina lako?"

Alitaja la Muuguzi.

"Umezaliwa lini?"

Alitaja tarehe, haraka, sawasawa na kitambulisho.

"Ulisafiri na nani?"

"Peke yangu."

"Ulilala wapi?"

"Kwa ndugu."

"Tumemkuta mwenzako wa chumba namba saba."

Mikono yake, iliyokuwa ikinyoosha pindo la sare, ilisimama.

"Ameamka?"

"Sijasema alikuwa amelala," alijibu Inspekta.

Mwanamke aliitoa ile bahasha kwapani, akaiweka mezani, akaisukuma kidogo upande wa Inspekta.

"Ni mzima?" aliuliza.

"Ni mzima. Yuko hapo nje. Ungeweza kumuua."

"Najua. Nilikaa pembeni yake mpaka alfajiri, namsikiliza pumzi. Kama ingebadilika ningepiga kelele, liwalo na liwe."

"Ulipanga lini?"

"Sikupanga, afande. Nilikuwa naenda kumsalimia shangazi. Kondakta alipotuita mapacha nilicheka kama yeye. Halafu akanionyesha kitambulisho chake ili tuone tunavyofanana, akanieleza habari za usaili, na kicheko kikaniisha. Vidonge ni vyangu, mimi nina mzio."

Kisha akaeleza yaliyobaki bila kuulizwa. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mashuka, kufuta damu sakafuni, kusukuma vitanda. Shule aliiacha njiani baba yake alipougua, na vyuo vyote alivyoomba vilimrudishia fomu. Wauguzi wapya walipoletwa wakitetemeka, yeye ndiye aliyewashika mkono kwenye uzazi wao wa kwanza. Mwezi wao wa pili kazini walikuwa wakimwagiza chai.

"Kwa hiyo ulitaka mshahara wake," alisema Inspekta.

"Hapana. Sijui kesho ningefanya nini. Labda ningekimbia." Alitazama mikono yake. "Nilitaka siku moja niulizwe mimi. Leo wameniuliza, watu watano, wakanyamaza wanisikilize mpaka mwisho."

Nje, Muuguzi Mkuu alikubali kumsikiliza mwenye vyeti mwenyewe, awe wa mwisho. Koplo alimpeleka kunawa uso, akamtafutia sare ya kuazima iliyompwaya mabegani. Saa sita na nusu alitoka usailini anatabasamu kwa uchovu. Walikuwa wamemwambia aripoti kazini tarehe moja. Aliandika maelezo yake kituoni, akahesabu vyeti vyake kimoja kimoja, akasema mashtaka yaendelee, kwa sababu alikuwa amelazwa kwa dawa kama mnyama na hilo hakuweza kulimeza. Kisha akauliza kama Pacha amekula chochote tangu asubuhi. Alipoambiwa bado, alikwenda kumnunulia mkate, akamwachia Koplo ampelekee. Yeye mwenyewe hakutaka kumwona.

Jioni Inspekta alimsomea mtuhumiwa maelezo yake, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi. Wizi, kujifanya mtu mwingine, kumpa mtu dawa bila ridhaa yake. Alisikiliza yote ameinamisha kichwa, mkate magotini.

"Kuna pa kurekebisha?"

"Mahali pamoja tu, afande. Hapo ulipoandika mhudumu wa wodi. Ongeza miaka. Kumi na minane."

Inspekta alichukua kalamu, akaongeza.