Kioteshameno cha Mhandisi Nnko

"Meno haya unayoyaona, mama, yameota humu humu," alisema Mhandisi Elifuraha Nnko, akiipigapiga mashine yake mgongoni kama fahali wa kuuzwa. Kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu jeupe kupita kiasi kwa mtoto wa Meru, ambako maji yameyapaka meno ya watu rangi ya chai tangu enzi za mababu.

Kioteshameno kilinguruma taratibu. Katika jiji la Usa, hapo hapo Meru, roboti zilishachukua kazi ya kukamua, kufagia na hata kuchumbia. Iliyobaki mikononi mwa binadamu ni kutafuna tu.

Bi Ndeshi Kaaya, mnadi wa ng'ombe, alikaa kitini na pengo lake la meno manne. "Mdomo ndiyo kazi yangu," alisema. "Nieleze polepole."

Nnko akaeleza. Protini hutandazwa kwenye fizi, zikajipanga kama fito za nyumba. Vichocheo vya ukuaji huziita seli, nazo huja mbio kama mafundi walioahidiwa pombe ya mbege. Hapo kalsiamu na fosfeti hukandikwa kwenye fito, zikagandamana, zikawa jino.

"Na nani anawaambia mafundi nyumba imeisha?"

"Kuna protini ya kuwazuia. Panya wangu ameota meno kama lulu."

"Anakula nini?" Mnadani sifa za dume haziulizwi, huulizwa linakula nini.

"Uji," Nnko akajibu, akatamani kulimeza neno. Hakusema kwamba mafundi wale hawakuzuilika. Walipomaliza meno walihamia kwenye taya, wakaunganisha la juu na la chini, na sasa panya anakunywa kwa mrija. Wakaguzi wa jiji walikuwa wanakuja kesho, na walitaka kuona meno yaliyoota mdomoni mwa mtu, si mwa panya.

Bi Kaaya akatoa hindi la kuchoma mkobani. "Dume halinunuliwi bila kufunguliwa mdomo. Tafuna."

Nnko akalizungushazungusha, akitafuta punje laini. Mlango ukafunguka. Mama yake akaingia na bakuli la loshoro, mahindi yaliyolainishwa kwenye maziwa ya mgando.

"Liweke chini hilo, baba," alisema. "Juzi jingine lilikung'olea seti nzima ya meno ya bandia, tukaiokota chini ya meza."

Mashine iliendelea kunguruma. Bi Kaaya akainuka, akalichukua hindi lake, akaling'ata kwa magego yake ya rangi ya chai.

"Sawa," alisema, akitafuna bila haraka. "Panya uji, fundi loshoro."