Mgeni Aliyekunywa Tangi

Tangi lilikuwa tupu tena. Unaisi alilipiga kwa kiganja, likalia kama debe, naye akabaki amesimama uani na ndoo yake, hasira zikimpanda kabla hata hofu haijafika. Jana jioni lilikuwa limejaa pomoni. Hakuna aliyefua, bomba halivuji, na chini ya bomba vumbi lilikuwa kavu kabisa.

"Wifi, mumeo amerudi na kiu ya jangwani," Kelera, dada wa mumewe Nemani, alimtania akipita na sufuria ya mihogo. "Mtu amekaa Iraki mwaka mzima, unataka anywe kikombe kimoja?"

"Mtu hanywi tangi zima, Kelera."

"Basi anaoga kila saa. Mwanamume akizidisha kuoga kuna anayemwogea, muulize vizuri." Akacheka peke yake.

Unaisi hakucheka, maana hilo lilishamkaa moyoni. Nemani alikuwa amerudi kijijini kwao Nawaitala kiangazi kimeshika, miwa imenyauka mpaka barabarani. Alirudi mpole kupita kiasi. Kila jioni aliweka bilauri ya maji kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akakaa kando yake, akawa anaongea polepole kwa vijineno vya lugha ya huko Iraki. Mkewe akitokea, kimya. Sasa mwanamume anayenyamaza mkewe akiingia, wewe utasema ana nini? Hata mimi ningesema ana mwanamke. Na kweli alikuwa naye.

Halafu ikaja ile harufu. Dizeli, kwenye mikeka, kwenye mito, kwenye kanga ya mtoto, na nyumba yao haina gari wala jenereta. Unaisi alianika kila kitu juani, kikarudi ndani kikinuka vilevile.

Yote hayo angeyavumilia. Lililomtoa roho ni maziwa. Mtoto wao Losalini, aliyezaliwa baba yake akiwa mbali, alikuwa bado hajaanza kula. Unaisi aliamka asubuhi kifua kimejaa mpaka kinauma, lakini kabla hajamchukua mtoto akakihisi kinanywea, kinanywea, mpaka kikawa kitupu, wala hakuna tone kwenye nguo. Losalini alivuta, akaachia, akalia. Nesi wa zahanati alimwambia anywe maji mengi. Alikunywa mpaka tumbo likamjaa. Midomo ya mtoto ikaanza kupasuka, na utosi wake ukabonyea, na kila mama anajua maana yake.

Jumapili mchana, watu wamelala baada ya ibada na chakula, Unaisi alisikia sauti kutoka uani. Gu, gu, gu. Alidhani ni ng'ombe wa jirani, akachukua ufagio aende kumfukuza, akafika mlango wa nyuma, na pale akaona chini ya bomba lililofunguliwa mtu amechutama, amejifunika nguo nyeusi kuanzia kichwani mpaka chini, nguo iliyochanika upande mzima kama imeburutwa, na maji yanatoka bombani kwa nguvu yote yanaingia mle ndani ya nguo nyeusi na hayatokei popote, hayamwagiki, hayalowanishi hata vumbi alilokanyaga, na koo linameza bila kupumzika, gu, gu, gu, mpaka bomba likakohoa, likatoa tone la mwisho, na kile kichwa kikaanza kugeuka taratibu kumtazama yeye, yeye na kifua chake.

Ufagio ukamdondoka, akafumba macho. Alipofumbua macho uani hapakuwa na mtu, na maziwa yake yalikuwa yamekauka yote.

Alimkuta Nemani chumbani amekaa kitako, mgongo ukutani.

"Ni nani yule?" aliuliza kwa kunong'ona. "Nimemwona, usinizungushe. Mtoto wangu anakauka, Nemani. Ni nani?"

"Tulikuwa tunalinda malori ya dizeli," Nemani alisema. "Sheria ilikuwa moja, usisimame. Anayesimama analipuliwa. Unajua dizeli yenyewe ilikuwa ya nini? Kuendesha mashine za kupoza mahema ya askari. Na karibu nusu tuliichoma wenyewe njiani kwa kuipeleka. Mji mmoja tuliopita mitambo ya maji ilishapigwa mabomu, watu wanatoka barabarani na madumu. Akatokea mwanamke, akanyanyua dumu lake katikati ya njia. Alidhani tumebeba maji."

"Mkasimama?"

"Unaisi..."

"Nimekuuliza, mlisimama?"

"Gari la mbele nilikuwa naendesha mimi."

Unaisi alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia, na hakufanya lolote. Alimbeba Losalini mgongoni, akamshika mumewe mkono, wakaenda kwa mzee Isoa, msemaji wa chifu.

Isoa alisikiliza mpaka mwisho. "Ole wangu," alisema. "Siku tuliyokupokea, mjukuu wangu, nilipoinua bakuli la yaqona tunywe ya kukukaribisha, nilisemaje?"

"Ulisema karibu nyumbani."

"Nilisema karibu wewe, na wote uliofuatana nao."

"Lakini alikuja peke yake, babu!" Unaisi alisema.

"Ndivyo tusemavyo siku zote, mama. Mdomo umezoea. Yule tumemkaribisha wenyewe, mbele ya kijiji kizima, kwa bakuli. Nani amfukuze mgeni aliyekaribishwa? Labda tumuage kwa heshima, akubali mwenyewe kwenda."

Walimuaga kesho yake asubuhi, jua likiwaka. Walitandika mkeka mpya usiokaliwa na mtu. Nemani aliweka mbele yake jino la nyangumi, lile linalotolewa kwa msiba na kwa msamaha, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akalia bila kuficha. Isoa alisema kwa sauti iliyokwaruza, "Mama mgeni, tulikukosea, nawe ulikuja kwetu na kiu. Tusamehe. Tunakupa ruhusa, urudi kwenu kwa amani." Bakuli likasogezwa mkekani. Yaqona ikashuka, ikashuka, mpaka likaonekana tako la bakuli. Harufu ya dizeli ikapita katikati yao, ikatoka mlangoni, na mbwa wote wa kijiji wakaanza kubweka kuelekea barabarani.

Asubuhi iliyofuata tangi lilikuwa limejaa. Kelera alicheza nalo ngoma, ndoo kichwani. Na maziwa yalirudi, jamani, yalirudi mpaka yakalowesha blauzi. Losalini alinyonya titi la kulia mpaka akasinzia, pua imetoa jasho. Unaisi alimshukuru Mungu kwa sauti, akamlaza, akaanza kufunga vifungo.

Titi la kushoto likashikwa.

Ulikuwa mdomo mdogo, wa baridi, mkavu, nao ulivuta kwa pupa. Mapaja yakalemewa na kitu kisichoonekana, kizito kiasi cha mtoto. Hakupiga kelele. Alimwita mumewe kwa sauti ya chini, Nemani akaja, akapiga magoti mlangoni na kuliona titi la mkewe linavyovutwa na hewa.

"Nemani. Yule mama alikuwa peke yake?"

"Alikuwa peke yake."

"Mimi ni mkeo. Niambie kweli."

"Alikuwa amekumbatia kitu kifuani, ndani ya lile vazi," alisema. "Nilidhani ni bomu."

Unaisi alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Lakini hakuinuka. Alipitisha mkono polepole chini ya ule uzito, akaukinga, asije akamwangusha.