Maji ya Kumwogesha Restituta

Gaudiosa alikuwa akishona sare za shule barazani kwake Nyanga, pale Bukoba, alipomwona bintiye Kokugonza akiisukuma sahani ya ndizi kwa fimbo ya ufagio, polepole, hadi kizingiti cha chumba cha kulala. Kisha mtoto akarudi nyuma haraka, ameziba pua.

"Unampa nani?"

"Anayekohoa."

Chumbani hamkuwa na mtu.

Kokugonza akaanza kukonda. Hospitali walimpima damu, kifua, hata minyoo, hawakuona kitu. Padri akaja na maji ya baraka, nyumba ikatulia kidogo. Halafu kikohozi kikarudi mchana kweupe, safari hii kifuani mwa mtoto mwenyewe, kikohozi kizito cha mtu mzima, na harufu ya majivu mabichi na vidonda ikatanda hadi kwenye vitambaa vya wateja, na kila Gaudiosa alipomshika mwanawe mkono alihisi vidole virefu, vikavu, ambavyo si vya mtoto wa miaka tisa, vikijikunja ndani ya kiganja chake na kumng'ang'ania.

Akampakia kwenye basi, wakaenda Kamachumu, Muleba, kwa mama yake, Klaudia.

Walipofika kibanjani, kwenye shamba linaloizunguka nyumba, mtoto aliuchomoa mkono wake. Akapita katikati ya migomba na mibuni hadi mahali palipoota magugu matupu, akajilaza chini, magoti kifuani.

Klaudia aliangusha jembe. "Nani kamwonyesha pale?"

"Hakuna, Mae," Gaudiosa alimjibu mama yake. "Hajawahi kufika huko nyuma."

"Palikuwa na jiko." Klaudia alinong'ona kama anayeogopa kusikiwa na migomba. "Dada yangu Restituta alifungiwa humo. Miaka ile ya UKIMWI, tulipokuwa tukiuita Juliana. Tata, babu yako, alisema asiguswe. Chakula tulimsukumia kwa fimbo. Alikuwa akiomba maji ya kuoga, mwanangu. Akafa akiomba. Wakamzika na blanketi lake, bila kumwosha."

Wakamwita Kahangwa, mganga wa hapo kijijini, ambaye naye humeza dawa za virusi kila siku na hamfichi mtu. Alichuchumaa karibu na mtoto, akanusa, akasikiliza pumzi.

"Huyu hafukuzwi," alisema. "Anataka mkono wa ndugu yake. Chemsheni maji."

Alitia majani yake kwenye sufuria, akawapa waliokuwepo buni za kutafuna, akaliita jina la Restituta na majina ya mababu zake. Klaudia akavua rozari shingoni, akaifunga kwenye kanga, akazamisha mikono mitupu majini.

Alipomgusa mtoto, alikuta mbavu za mwanamke mzima. Aliosha mgongo, na chini ya viganja vyake ngozi laini ya mjukuu ilipasuka vidonda ambavyo macho hayakuviona ila vidole vilivihesabu kimoja kimoja, na alipofika shingoni kichwa kikageuka taratibu, zaidi ya shingo inavyogeuka, mpaka uso ukamtazama, na mdomo wa Kokugonza ukafunguka na sauti iliyolala ardhini miaka yote hiyo ikatoka, imekauka.

"Klaudia. Unaniogopa?"

Gaudiosa alitaka kumnyakua mwanawe. Kahangwa akamzuia.

"Nakuogopa, dada," Klaudia alijibu. "Lakini siondoki. Inua mkono nikuoshe kwapa."

Mkono ukainuka.

Alimwosha hadi nyayo, akamfuta, akamfunika kwa lubugo, lile gome la mti ambalo wazee walizikwa nalo. Kitu kizito kikashuka kutoka mwilini mwa mtoto na kuzama udongoni. Magugu yakalala, kisha yakainuka. Kokugonza akapiga chafya.

"Mama, nina njaa," alisema kwa sauti yake.

Gaudiosa alilia huku amemkumbatia. Kahangwa hakufurahi. Alikuwa ametega sikio upande wa barabara.

Jirani yao Ildefons aliingia akihema, amembeba mgongoni mwanawe, kijana mwenye ndevu.

"Waitu, ndugu zangu, nisaidieni. Sasa hivi, ghafla tu, ameanza kusema yeye ni Avit."

"Avit yupi?" Gaudiosa aliuliza.

"Baba yangu mdogo. Alifia stoo kwetu, mwaka uleule wa Restituta." Akaiangalia sufuria. "Anasema amesikia kuna maji."

Klaudia aliitazama mikono yake iliyokunjamana. Nyuma ya Ildefons, kwenye njia ya kibanjani, watu wengine walikuwa wakija, kila mmoja amembeba mtu wake.

"Mlaze hapa," Klaudia alisema. "Gaudiosa, ongeza kuni."